Kasuku haumi ghafla

Mwenye kasuku anayeuma hahitaji kutafuta ushauri, watu humletea mpaka mlangoni. Mmoja atakwambia umpige kidogo kwenye mdomo akome. Mwengine atasema uvae glavu nene umshike kwa nguvu mpaka achoke mwenyewe. Yuko na atakayesema amelishwa pilipili nyingi, ndiyo maana amekuwa mkali. Yote haya nimeyasikia tangu kasuku wangu Marjani aingie nyumbani kwetu Tibirinzi, Chake Chake, kisiwani Pemba. Ninaandika niliyoyaona kwake kwa sababu najua kuna ndege wengi wanaohamishwa nyumba hadi nyumba kwa kosa la kuuma, na mara nyingi kosa si lao.

Marjani ni kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu. Kwa miaka mingi alikuwa Mji Mkongwe, Unguja, na familia moja iliyompenda sana. Wazee walipoamua kumfuata mtoto wao Muscat walitaka kwenda naye, lakini kasuku wa kijivu hasafirishwi hivi hivi. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, zilikutana Johannesburg zikamhamishia Kiambatisho cha Kwanza, ambacho ndicho chenye ulinzi mkubwa kuliko vyote. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliokamatwa porini imefungwa, na hata wa kufugwa hawezi kuvuka mpaka bila vibali. Ukiomba kibali utaulizwa ndege ametoka wapi, na ndege aliyenunuliwa zamani bila risiti hana la kuonyesha. Basi akabaki. Akapelekwa kwa jamaa, akauma. Akapelekwa kwa jamaa wengine, akauma zaidi. Mwishoni akapandishwa boti akaja Mkoani, na kutoka Mkoani akaja kwangu kwa gari, tundu limefunikwa kanga.

Katika nyumba mojawapo alizopitia alikatwa manyoya ya mbawa ili asiruke. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililonionyesha njia. Ndege akiogopa, jambo la kwanza analotaka ni kuruka aende zake. Kwao, katika misitu inayoanzia Ghana ikapita Kongo hadi Uganda, kasuku wa kijivu hana haja ya kumuuma kila anayemtisha, anaruka, basi. Ukimkata mbawa ukamtia tunduni, umemwondolea kukimbia, na kilichobaki mikononi mwake ni mdomo. Mkono ukimjia hana pa kwenda. Kwa hiyo kabla ya kufikiria kumshika, kumfundisha wala kumsemesha, nilitaka Marjani ajue kitu kimoja: katika nyumba hii akikataa, anasikilizwa.

Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko ukumbini, na tundu lake nililiweka humo humo, pembeni, mahali ambapo kuta mbili zinamkinga nyuma na ubavuni. Ndege aliyewekwa katikati ya chumba hana upande wa kupumzisha macho. Sikumweka uwani ingawa kuna hewa nzuri, maana uwani kwetu msimu wa karafuu hakupiti nusu saa bila mtu kuingia na kutoka, majamvi yanaanikwa na kukunjwa, watoto wanakimbizana. Tundu nilililinganisha na kifua changu. Akiwa chini sana, kila mtu anamwinamia kutoka juu, na kinachotoka juu kwa ndege ni mwewe.

Wiki za mwanzo sikumgusa. Asubuhi kabla sijatokea mlangoni nilisema "Sabalkheri Marjani", asikie sauti kabla hajaona mtu. Kisha nilikaa kwenye cherehani nikashona. Maji na chakula nilibadilisha polepole, mkono ukienda kwenye kikombe na kurudi, bila kupitia karibu na kijiti alichokalia. Kulikuwa na jamaa walionihurumia, wakidhani nimeletewa ndege nisiyemuweza. Lakini kukaa bila kumtaka kitu ndiko kulikokuwa kazi yenyewe, na katika kukaa huko nikaanza kumsoma.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji mwenye kasuku asimame nami kidogo. Watu husema, "Alikuwa ametulia, mara kaniuma tu." Ukiacha siku zake za mwanzo kwangu, sijamwona Marjani akiuma bila kusema kwanza, na anasema kwa mwili mzima. Linaloanza ni dogo kabisa: anaacha alichokuwa akifanya. Kama alikuwa anatafuna, taya linasimama. Kama alikuwa anajikuna, mguu unashuka. Halafu manyoya yanabana mwilini, anakuwa mwembamba na mrefu, na uzito wake wote unakwenda upande wa mbali na wewe, hata ukitazama vidole unaviona vimekaza kijiti upande mmoja. Hiyo ni hofu, na hapo bado anakuomba. Ukiendelea, manyoya ya kisogoni yanasimama, mkia unafunguka, shingo inashuka. Macho ya kasuku wa kijivu mzima ni ya manjano iliyopauka, kwa hiyo mboni nyeusi inaonekana wazi ikibana na kupanuka, kubana na kupanuka, haraka haraka. Macho hayo peke yake hayatoshi kumhukumu, maana hufanya hivyo hivyo akifurahi, kwa mfano akisikia sauti anayoipenda; yaangalie pamoja na shingo na mkia. Mwisho ananguruma. Ni mngurumo mzito wa kukwaruza ambao mtu asiyeujua hawezi kuamini umetoka kwa ndege. Baada ya mngurumo ndipo linakuja jino ambalo hana.

Sasa fikiria ndege aliyesema yote hayo kila siku, mwaka baada ya mwaka, na kila mara mkono ukazidi kuja. Ataacha kusema. Atajifunza kwamba kuinama pembeni hakusaidii, kunguruma hakusaidii, kinachorudisha mkono nyuma ni kuuma tu, na kuuma kwa nguvu. Huyo ndiye kasuku ambaye watu wanasema "hana dalili". Dalili alikuwa nazo, zikapuuzwa mpaka zikafa. Marjani alipofika kwangu alikuwa karibu na hapo. Manyoya ya kisogoni hayakusimama hata kidogo, alitoka kwenye utulivu akaingia moja kwa moja kwenye kuuma. Ndiyo maana siku aliponingurumia mara ya kwanza nilifurahi, nikarudi nyuma hapo hapo. Alikuwa ameanza tena kuongea.

Tulichofanya kuanzia hapo ni rahisi kueleza na kigumu kukivumilia. Nilikuwa nakwenda kuelekea tunduni mpaka nione ile dalili ndogo ya kwanza, taya kusimama. Hapo nasimama. Sisogei hata hatua. Akirudia kutafuna, namwekea kipande cha korosho kwenye kikombe cha pembeni, naondoka. Kuondoka kwangu kulikuwa zawadi kubwa kuliko korosho, maana kulimwambia kwamba akitulia, mimi ndiye ninayempisha. Korosho nilizigundua kwa kumwangalia tu: katika bakuli lenye vitu vingi, anachokitoa kwanza ndicho akipendacho. Nikaziondoa kwenye chakula chake cha kila siku, zikabaki za kazi hii peke yake, zimekaangwa bila chumvi, vipande vidogo kama kucha.

Baadaye nikatumia njiti ya mshikaki. Niliikata ncha, nikaipitisha kati ya nyaya za tundu mbali na mwili wake. Kasuku ni mdadisi. Hofu ikipungua hawezi kujizuia kuonja kitu. Alipoigusa kwa mdomo nilipiga ulimi mara moja, "tk", nikampa korosho. Ulimi ule una maana ya "hapo hapo ndipo ulipopatia", na unafika haraka kuliko mkono. Akishaelewa, unaweza kumwongoza aende kushoto, kulia, apande, ashuke, bila kumgusa na bila kumlazimisha, na yeye anaona kwamba kuna mchezo ambao mdomo wake unamletea chakula kwa kugusa badala ya kuuma. Siku hizi Marjani anapiga "tk" mwenyewe akiona njiti, akijihimiza.

Lakini aliyemshinda ndege huyu kabla yangu ni mama yangu, Bi Mkubwa, na hakutumia hila yoyote. Alasiri hukaa ukumbini akisuka ukili, macho yako kwenye kazi, midomo inasoma zake taratibu. Hakuwa na haja na kasuku. Marjani alikuwa akisogea mwisho kabisa wa kijiti upande wake. Nilipomuuliza anafanya nini kinachomvutia, alisema, "Mwanangu, mimi simkodolei macho. Nani anapenda kukodolewa macho?" Mnyama anayewinda hukutazama kwa macho mawili yaliyoelekezwa mbele, na macho ya binadamu yako mbele vile vile, wakati ndege mwenye kuwindwa ana jicho huku na jicho huku. Tangu hapo nikimkaribia Marjani nageuza uso kidogo, namtazama kwa pembeni, napepesa taratibu. Na vile vipande vya ukili ambao haujatiwa rangi, anavyovikata Bi Mkubwa mwishoni mwa mkeka, vilikuja kuwa chezo lake kubwa. Mwanzoni aliviogopa. Wazee walisema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu ung'ongo wenyewe ulimshtua, nikauacha juu ya tundu kwa mbali mpaka akauzoea. Sasa anauchana nyuzi nyuzi. Pamoja na ukili anapata makumbi ya nazi na vijiti vya mpera vyenye maganda, vinene na vyembamba, ili mguu usikae mkao mmoja siku nzima. Ndege mwenye kitu cha kubomoa hana haja ya kujibomoa mwenyewe manyoya.

Alipofikia kukubali mkono, ulikuwa mkono uliokaa tu juu ya meza, mlango wa tundu wazi, njiti ikimwongoza. Hapa kuna jambo linalowaponza watu wengi. Kasuku hapandi juu ya kitu bila kukijaribu kwanza kwa mdomo. Mdomo ni mkono wake wa tatu, anapima kama kijiti kitamwezea. Kwa hiyo kabla hajapanda kidoleni atakishika kwa mdomo, polepole, kwa kuegemea. Mtu anayeogopa kuumwa anaona mdomo unakuja, anauvuta mkono. Ndege anayumba au anaanguka, na kutoka siku hiyo anajua mkono huu si wa kuaminiwa. Mara nyengine ataukamata kwa nguvu usimtoroke. Marjani alikishika kidole changu cha shahada kwenye kifundo. Nilihisi ulimi wake, mkavu na wa joto, ukipapasa ngozi. Mkono ulibaki pale pale. Akaweka mguu mmoja, vidole viwili mbele na viwili nyuma, akasita, akaonja tena, akaweka wa pili. Nikapiga ulimi, akapata korosho, nikamrudisha kwenye kijiti kabla hajataka kushuka mwenyewe. Kikao kizuri ni kile unachokimaliza wakati bado anakitaka.

Kuumwa nimeumwa, na sitamdanganya mtu kwamba hakuumi. Taya hizo zimeumbwa kuvunja kokwa ngumu za michikichi. Akikubana, usipige kelele wala usikung'ute mkono. Kasuku hupenda sauti na vituko, na ukelele wako kwake unaweza kuwa jibu tamu la kutosha kumfanya arudie. Ushushe mkono taratibu mpaka kwenye meza, atashuka, mwachie nafasi, kisha kaoshe jeraha kwa maji na sabuni. Halafu jiulize nini kilitangulia. Mara moja nilikuta ni manyoya mapya: wakati wa kupukutisha, unyoya unaochipua una damu ndani ya shina na ukiuminya unauma, na mtoto wa dada yangu alikuwa amemkuna shingo hapo hapo. Mara nyengine ni usingizi. Kasuku anahitaji saa 10 hadi 12 za kulala, na nyumba zetu hukesha, Ramadhani zaidi. Baada ya Magharibi simsemeshi tena. Tundu linafunikwa kanga na televisheni inahamia chumba cha pili.

Chakula nacho kina sehemu yake katika hasira. Alikuja akiwa amezoea alizeti na karanga tu, na alizeti ni mafuta mengi yenye upungufu wa vitamini A na kalsiamu, na kasuku wa kijivu hupata taabu ya ukosefu wa kalsiamu kuliko kasuku wengi. Karanga zilizokaa vibaya kwenye joto letu huota sumukuvu. Nikambadilishia kidogo kidogo: boga, matembele, mchicha, kiazi kitamu kilichochemshwa, papai na mbegu zake, embe. Pilipili anapewa pia, maana ndege hawausikii ukali wake tunavyousikia sisi, kwa hiyo lile la kumtia ukali liachwe. Parachichi, chokoleti na kahawa haviingii kabisa, vinaua.

Na moshi. Hili kwa nyumba za Zanzibar nalisisitiza kwa nguvu zangu zote. Mapafu ya ndege ni dhaifu kwa hewa chafu, na sisi Alhamisi jioni tunafukiza udi na ubani mpaka mapazia yanukie. Nikitaka kufukiza, Marjani anahamishwa kwanza, anarudi hewa ikiwa imesafika. Dawa ya mbu ya kupuliza hivyo hivyo. Kikaango kile kisichoshika chakula, kikisahaulika motoni kikapata joto kupita kiasi, hutoa hewa inayoweza kumuua kasuku ndani ya muda mfupi sana, hata akiwa chumba chengine. Kwetu nimevitoa vyote, tunapikia sufuria za kawaida.

Manyoya ya mbawa yalirudi yenyewe alipopukutisha, na sikuyakata. Watu waliniambia ataniuma zaidi akijua kuruka. Imekuwa kinyume. Sasa akichoka na mimi anaruka juu ya kabati ya vitambaa, anakaa huko, na mdomo haujaingia kwenye mazungumzo. Madirisha nimeyatia wavu, na mlango wa uwani una kamba ya kukumbusha kila anayepita aufunge.

Kuna mambo ambayo mpaka leo hakubali. Hapendi mwanamme mwenye kofia, na akija mgeni wa namna hiyo namwomba akae mbali, simwambii Marjani azoee. Hapendi kuguswa mgongo, na vizuri hivyo, maana kumpapasa kasuku mgongoni na chini ya mbawa kunamwamsha kama anayetaka kupandana na huishia kwenye ukali. Kichwani na shingoni panatosha, na pale tu anapoinamisha kichwa mwenyewe. Anajua kuigiza mlio wa vikombe vya muuza kahawa mpaka watu hutoka nje, na anasema "Hodi" kisha anajikaribisha. Maneno hayo alikuja nayo kutoka Mji Mkongwe. Kwa miezi mingi hapa alikuwa kimya kabisa, na alipoyatoa siku moja mchana, nikiwa nashona, Bi Mkubwa aliweka ukili chini akasema, "Huyu sasa yuko kwao."

Akili walizonazo si za kubahatisha. Kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, aliyesomeshwa na mtafiti Irene Pepperberg huko Marekani tangu 1977 hadi alipokufa 2007, alijifunza zaidi ya maneno 100 na aliweza kutaja rangi, maumbo na idadi ndogo za vitu. Kiumbe mwenye uwezo huo anakumbuka nani alimchokoa kwa kijiti na nani alirudi nyuma alipoombwa. Ndiyo sababu naomba mtu asinunue kasuku anayeuzwa kwa kificho, aliyetolewa porini. Wengi wao hufa njiani, na anayefika anafika na hofu isiyo na mwisho. Kama moyo wako unataka kasuku, yuko aliyekwisha kuchokwa katika nyumba ya mtu. Uliza kwanza habari za vibali kwa wahusika wa wanyamapori, kisha mchukue huyo.

Kasuku huyu anaweza kufika miaka 40 hadi 60 akitunzwa, na mimi si kijana. Mtoto wa dada yangu ndiye nitakayemwachia, na tumeshaanza kazi hiyo. Jioni anakaa yeye kwenye kiti changu na njiti mkononi, mimi nimesimama mlangoni. Juzi Marjani alikaza vidole akaegemea pembeni, na yule mtoto akasema bila ya mimi kumkumbusha, "Khaloo, anasema hataki," akarudisha mkono, akaweka korosho kwenye kikombe, akaenda kufanya kazi zake za skuli. Kesho yake Marjani alimpandia mabegani.